Bolti Mpya za Tinus

Alwyn alisimama kwenye dirisha la jikoni, kahawa imempolea mkononi, akimtazama mke wake anavyocheka na mwanamume mwingine.

Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo. Rosina alikuwa amelala chali chini ya trela la boti la Tinus, miguu tu ndiyo inaonekana, na Tinus amechuchumaa kando ameshika kopo la mafuta. Tinus akasema jambo, miguu ile ikatikisika kwa kucheka. Basi, hakuna zaidi. Lakini hebu mwambie mtu mwenye wivu kwamba kicheko ni kidogo, uone atakavyokutazama.

"Wanaongea nini muda wote huo?" akauliza.

"Bolti," akajibu Appie. Huyu alikuwa baharia wake wa siku nyingi, mtu wa ulimi usio na breki, na kila asubuhi alikuja kunywa kahawa ya bure. "Wanaongea bolti, nahodha. Ila mimi tangu nioe sijaona bolti ikimchekesha mwanamke kiasi hicho. Labda mimi ndiye sijui bolti."

"Kunywa kahawa yako, Appie."

"Nimeshamaliza. Ongeza."

Kwetu Lamberts Bay, pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, boti hukaa barabarani zaidi kuliko baharini. Snuk, yule samaki mrefu mwenye meno ya kukata mshipi, hana adabu hata kidogo. Leo yuko kaskazini, kesho utasikia ameonekana kusini, na sisi nyuma yake na pikapu zetu, boti juu ya matrela, kama wehu. Ukifika ufukweni unalirudisha trela nyuma mpaka magurudumu yazame, boti inaelea, trela linatoka likichuruzika maji ya chumvi. Fanya hivyo msimu mzima, halafu jaribu kufungua bolti za magurudumu. Utalia.

Marehemu baba yake Rosina ndiye aliyekuwa akichomelea matrela ya mji mzima katika ua ule ule wa nyumbani. Alipofariki watu walidhani ua utafungwa. Haukufungwa. Rosina alivaa ovaroli ya baba yake, akakunja mikono, kazi ikaendelea. Kila baridi ikikaribia, kabla snuk hawajaja, alifungua bolti za kila trela moja moja, akazisugua kwa brashi ya waya, akazipaka grisi kidogo kwenye meno, akazirudisha. Pwani nzima ilimjua. Ukisema magurudumu yangu yameshikwa na Rosina, mazungumzo yameisha.

Sasa huyu Tinus. Mjane, mtu wa bara, zamani akitunza boti za matajiri kwenye bwawa huko ndani. Trela lake lilikuwa limekunywa maji matamu maisha yake yote, na msimu mmoja wa bahari ukalimaliza. Bolti zilishika kutu mpaka ukashindwa kujua kichwa kinaishia wapi na rimu inaanzia wapi. Yeye, kwa akili zake za bara, akavika bomba refu kwenye spana akasukuma kwa nguvu zote. Bolti ikakatika. Badala ya kukoma, akakata na ya pili. Ndipo akaja kwa Rosina, kofia mkononi.

"Bolti iliyoshika hugombani nayo," Rosina alimwambia, na Alwyn alisikia kila neno kupitia dirishani. "Imwagie mafuta, iache inywe. Kesho unaigonga kichwani, taratibu. Halafu unaanza kwa kuikaza, kidogo tu. Ikishtuka, ndipo unafungua."

"Kumbe unaanza kwa kukaza!"

"Ndiyo. Na ukirudi kutoka baharini, maji ya bomba kwanza, chakula baadaye. Na usishushe trela majini magurudumu yakiwa bado ya moto. Safari ndefu hiyo, habu, kile kitovu cha gurudumu, imechemka. Ukiitia kwenye maji ya baridi inavuta chumvi mpaka ndani kwenye beringi."

"Kumbe! Na mimi nilikuwa nafika tu naingia!"

Kumbe hiki, kumbe kile. Alwyn alitamani kumtupia kikombe.

Wala sura ya Tinus si ya kumtia mtu wivu, tuseme ukweli. Pua kubwa, masikio ya kupepea. Kilichomchoma Alwyn ni kwamba jioni Rosina aliingia ndani ana grisi mpaka kwenye nyusi, amechoka, na uso unang'aa. Mbele ya mumewe hakuwa ameng'aa hivyo siku nyingi.

Aliweka mezani mkate, snuk wa kuchoma na jemu ya zabibu. Alwyn hakugusa.

"Kwa nini yeye umemwambia habari za magurudumu ya moto? Mimi hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza," Rosina akasema akipaka jemu. "Mara ngapi nimekwambia ngoja kidogo kabla ya kushusha, ukanijibu nakuchelewesha?"

"Yeye anauliza vizuri, siyo?"

Rosina akaweka kisu chini. "Alwyn, yule mtu amevunja bolti mbili. Nimezitoboa kwa drili siku nzima. Unataka nifanye kazi nimenuna?"

"Sijasema unune."

"Umesema nini basi?"

Ukishalitamka jambo kama hilo halirudi tena mdomoni. Alwyn akasema jingine, la kijinga zaidi: "Trela langu mwaka huu usiliguse. Nitalishughulikia mwenyewe. Wewe una wateja wako."

"Haya," Rosina akasema, akamega mkate.

Naye Alwyn akalishughulikia kweli. Hakutaka kwenda kuomba grisi kwa mke wake, Mungu apishe mbali! Alikumbuka wazee walikuwa wakipaka chuma mafuta ya samaki, tena hakikupata kutu. Basi akaenda kwenye pipa la snuk wa chumvi, akakwangua mafuta yaliyoganda juu, akazipaka bolti zake zote kwa kitambaa, akasimama nyuma kuzitazama. Zilimetameta. Appie alipopita akanusa hewani akauliza kama kuna paka amefia uani.

*

Habari zikaja kabla ya jua: snuk wako Yzerfontein, kule kusini, wanauma mpaka aibu. Mji mzima ukaruka kitandani. Injini zinaunguruma, wanawake wanafunga mikate, mbwa wanabweka, kila mtu anamwita mwenzake mzembe.

Rosina akamfuata Alwyn mpaka kwenye pikapu, koti juu ya nguo ya kulalia, akamkabidhi wili spana.

"Mpe Tinus. Bolti zake mpya vichwa vyake ni vikubwa, spana yake ya zamani haiingii. Mwambie mkifika darajani Velddrif azikaze tena, zote. Rimu nimezipaka rangi, rangi ikikandamizwa bolti zinalegea. Lazima akaze. Nampigia simu hapokei, atakuwa yuko juu ya boti anafunga."

"Umeamka na Tinus mdomoni," Alwyn akasema.

"Alwyn, nisikilize. Ni gurudumu hili, siyo mchezo. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Sema vizuri."

"Nimesema nitamwambia, mama! Nenda ndani, baridi."

Akaitupa spana chini ya kiti. Na wallahi, nadhani wakati ule alikuwa na nia ya kumwambia. Ila barabara ni ndefu, na mbele yake, njia nzima, aliliona trela la Tinus: rimu nyeupe zimepakwa rangi na mikono ya Rosina, bolti mpya zinawaka juani. Lake mwenyewe lilikuwa linanuka. Appie kando yake naye hakumsaidia.

"Zimependeza zile rimu," Appie akasema. "Zimepakwa kwa upendo."

"Funga mdomo."

"Nasema tu. Mtu akipenda kazi yake inaonekana."

Darajani Velddrif msafara wote husimama. Watu wananunua mkizi mkavu, wanajinyoosha, halafu unafanyika ukaguzi wetu, ambao umekuwepo tangu matrela yawepo: hukagui trela lako, unakagua la aliye mbele yako. Unaweka kiganja kwenye kila gurudumu kusikia kama limechemka, unajaribu bolti kwa vidole, unalisukuma kwa goti. Kisha unapiga ubavu wa boti kofi moja, unasema "Salama." Maana gurudumu likitoka, wewe wa nyuma ndiye litakayekufuata. Hakuna mtu aliyewahi kusema salama pasipo salama. Jambo hilo halikuwahi kufanyika pwani hii.

Alwyn alikuwa nyuma ya Tinus.

Akaweka kiganja kwenye gurudumu la kulia: vuguvugu, sawa. Akaenda la kushoto. Akashika bolti ya kwanza kwa vidole. Ikazunguka.

Ilizunguka, jamani, kwa vidole vitupu. Akajaribu ya pili, nayo hivyo hivyo. Akanyanyua uso, akamwona Tinus anakuja na mkizi mkavu mkononi, anatafuna, masikio yake yanapepea.

"Kaka Alwyn! Rosina hajaacha neno lolote kwa ajili yangu? Nimeona simu yake, nikipiga mtandao hakuna."

Hakuuliza vibaya. Lakini alivyolitamka jina lile, Rosina, wepesi tu, kama mtu anayeliita kila siku! Alwyn hakutaka mtu afe. Alitaka gurudumu lichomoke polepole, pale kwenye mchanga, watu wacheke, waseme mtu wa bara ameaibika. Hicho tu ndicho alichotaka.

"Hakuacha neno," akasema. Akapiga ubavu wa boti kofi. "Salama."

"Asante, kaka," Tinus akasema, akammegea kipande cha mkizi.

Na Alwyn akakipokea, akakila.

*

Barabara ya kusini kutoka pale imenyooka, na siku ya snuk hakuna anayekwenda polepole. Walikuwa hawajafika mbali Alwyn alipoliona gurudumu la kushoto la Tinus linaanza kuyumba. Kidogo kwanza. Kisha likaanza kucheza kama limelewa.

"Nahodha," Appie akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Lile gurudumu."

"Naona."

"Si ulilikagua?"

Alwyn akabonyeza honi. Akabonyeza tena, akawasha na kuzima taa. Lakini kwetu, siku ya snuk, honi barabarani ina maana moja tu: pisha, mzembe wee. Tinus akatoa mkono dirishani, akampungia kwa dharau ya kirafiki, akakanyaga mafuta.

"Mungu wangu, anaongeza!" Alwyn akapiga kelele. "Simama! Simama, mpumbavu, simama!" Aliliza honi kama mwendawazimu, na kadiri alivyopiga ndivyo Tinus alivyozidi kukimbia, akicheka bila shaka.

Gurudumu likatoka. Boti ikaanguka upande, chuma kikachana lami kwa cheche, trela likaivuta pikapu ya Tinus huku na huku mpaka ikasimama mchangani. Gurudumu lenyewe likapiga ukingo, likaruka, likarudi barabarani moja kwa moja kwa Alwyn. Alikata usukani. Likaingia kwenye rejeta kwa kishindo, mvuke ukafumuka, trela lake likapanda mawe ya kando, tairi likapasuka.

Kisha mlango wa Alwyn ukavutwa kwa nguvu, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Tinus, damu inamtoka puani, hana habari nayo.

"Kaka! Uko mzima? Appie, uko mzima? Nisamehe, kaka, nisamehe!"

Kuombwa msamaha na mtu yule kulimuuma Alwyn kuliko kioo kilichomkata shavu.

Walikuwa wazima wote. Msafara ukasimama, manahodha wakashuka, wakalizunguka trela la Tinus. Habu ilikuwa tupu, mashimo yake yametafunika. Mmoja akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe: "Haya magurudumu kayashika nani?"

"Rosina," Tinus akasema kwa sauti ndogo. "Juzi tu. Bolti mpya zote."

Mtu mmoja akatoka pale polepole akaenda kuyashika magurudumu yake mwenyewe. Mwingine akamfuata. Kitambo kidogo kila mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye trela lake, anajaribu bolti alizozishika Rosina, kila mmoja anashangaa mbona zimekaza. Alwyn alisimama akiwaona. Hili hakulifikiria. Kule darajani, akilini mwake, alimwona Tinus tu akiaibika. Jina la mke wake hakuliona kabisa.

Appie alishampigia Rosina simu, na hakuna aliyeondoka kabla hajafika. Rosina alifika na lori la mnunuzi wa samaki lililokuwa likielekea huko huko ufukweni; likamshusha yeye na sanduku lake la vifaa, likaondoka kuwahi snuk. Hakumsalimu mtu. Alimtazama Alwyn kwanza, akaona yuko hai, akaenda kupiga magoti kwenye habu. Akapitisha kidole ndani ya mashimo.

"Zimelegea zikatoka zenyewe," akasema. "Hazikukatika. Tinus, darajani ulizikaza?"

"Kuzikaza? Sikujua. Nilimuuliza kaka kama umeacha neno..."

Rosina hakugeuka. Alwyn aliuona mgongo wake ukitulia kabisa, na akajua kwamba ameshaelewa yote.

"Kosa langu," Rosina akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Bolti mpya lazima zirudiwe kukazwa njiani. Nilisahau kusema."

"Unasahau vipi jambo kama hilo?" nahodha mmoja akafoka. "Watu wangekufa hapa!"

"Nimesema ni kosa langu."

"Mimi trela langu mwakani nitalipeleka mjini," mwingine akasema. "Samahani, dada, lakini nina watoto."

"Sawa," Rosina akasema. "Una haki."

Miaka yote ya baba yake na yake, ua mzima, ikawa inaondoka hivyo, neno moja baada ya jingine, naye anaitikia sawa, sawa, huku anachagua bolti kwenye sanduku. Alwyn alikuwa akitaka kwa muda mrefu aone kama mke huyu bado yuko upande wake. Sasa aliona. Alitamani ardhi immeze.

"Alisema," akatamka. Akarudia. "Alisema! Alinipa na spana, iko chini ya kiti changu. Aliniambia nimwambie Tinus. Sikumwambia. Na bolti niliziona zimelegea, nikasema salama."

"Kwa nini, kaka?" Tinus akauliza, na alikuwa anauliza kweli, kama alivyouliza habari za magurudumu ya moto na habari za grisi.

"Kwa sababu anacheka na wewe."

Yule nahodha aliyesema atapeleka trela lake mjini akavua kofia, akamgeukia Rosina aseme jambo, Rosina akamwashiria kwa mkono aache. Akamjia mume wake mpaka karibu. Hakupandisha sauti.

"Nilijitwika ili wasijue nimeolewa na mtu wa namna gani," akasema. "Sasa wameshajua."

Kisha akarudi kazini. Kwenye sanduku lake mlikuwa na habu ya akiba, na wanaume wanne walijitolea kuinua kwa jeki. Alwyn naye alikuja kushika. Hakuna aliyemfukuza, ila kila alipotia mkono palikuwa pameshajaa mikono. Akaenda kufungua tairi lake lililopasuka, angalau hilo. Bolti hazikusogea hata unywele. Akapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Wapi! Rosina akapita, akainama, akanusa.

"Mafuta ya pipa la chumvi?"

Alwyn akaitikia kwa kichwa.

"Umezipaka chumvi, Alwyn," akasema, akapita.

Boti ya Tinus ilikuwa imechubuka tu, si ya kuzama. Gurudumu likaingia, bolti zikakazwa kwa zamu, hii halafu ile ya upande wa pili. Appie akamwendea Alwyn huku anakwepa macho yake. "Nahodha, snuk hawangoji. Tinus ana nafasi ya mshipi mmoja, wangu." Akaenda bila kusubiri jibu.

Rosina alifuta mikono, akachukua wili spana kutoka chini ya kiti cha Alwyn, akafungua mlango wa mbele wa pikapu ya Tinus.

"Unakwenda wapi?" Alwyn akauliza.

"Yzerfontein."

"Na yeye?"

"Bolti mpya lazima zirudiwe kukazwa njiani. Nilituma mtu, hakufikisha. Safari hii nakwenda mwenyewe."

Tinus alisimama mlangoni kwake, amechanganyikiwa, pua imevimba. "Kaka, panda na wewe. Tutabanana, mbona."

"Boti yake atamwachia nani?" Rosina akasema. "Twende."

Wakaenda. Msafara ukapita mmoja mmoja, hakuna aliyepiga honi. Alwyn alisimama katikati ya barabara akikaza macho aone wamekaaje mle ndani, mbali au karibu, kama Rosina anaongea, kama anamgeukia Tinus. Lakini boti juu ya trela ilikuwa pana, ikaziba kioo chote cha nyuma, na hakuona kitu.